College Navigator: tulivyoitumia kumtafutia binti yangu chuo

Binti yangu alikuwa amebakiza vyuo viwili. Kimoja kilimteka kwa bwawa la kuogelea na ukumbi mpya wa mazoezi. Kingine kwa majengo yake ya zamani. Nikafungua College Navigator, tovuti ya bure ya Wizara ya Elimu ya Marekani, tukakaa nayo hadi usiku wa manane.

Kwenye ukurasa wa chuo unabonyeza alama ya kujumlisha kando ya kila kichwa. Ada niliiacha kwanza, nikaenda kwenye kiwango cha kuhitimu. Kwa shahada ya miaka minne, kile cha kawaida huhesabu waliomaliza ndani ya miaka sita, na bado si wote. Binti akaduwaa: "Mama, sasa hao wengine huwa wanaishia wapi?"

Ila msiishie hapo. Kiwango hicho huhesabu tu walioanza chuo kwa mara ya kwanza, tena wanaosoma kwa muda wote. Anayesoma jioni baada ya kazi, au aliyehamia kutoka chuo kingine, hayumo. Shukeni hadi sehemu ya matokeo, inayowafuatilia na hao kwa miaka minane. Kisha tazameni asilimia ya wanaopata ruzuku ya Pell, msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, maana wengi wao wametoka familia za kipato cha chini. Chuo kinachochagua watoto wenye uwezo na alama za juu kitang'ara hata kisipojituma. Kinachowapokea wenye shida na kuwafikisha mwisho, hicho nakivulia kofia.

Kuhusu matumizi ya fedha ya chuo, ingieni IPEDS, hazina ya takwimu ambako Navigator huchota. Jumla peke yake haitoshi. Angalieni kiasi gani kinakwenda kwenye huduma kwa wanafunzi. Mwaka 2010, watafiti Webber na Ehrenberg walionyesha kuwa fedha hizo huinua kiwango cha kuhitimu, hasa kwenye vyuo vyenye wanafunzi wengi wa Pell. Nami naamini, kwa sababu mpango wa ASAP wa CUNY, chuo kikuu cha umma cha Jiji la New York, ulioanza 2007, huwapa wanafunzi mshauri wa karibu, nauli na msaada wa vitabu. Katika jaribio lake asilimia 40 walihitimu shahada ya miaka miwili ndani ya miaka mitatu, dhidi ya 22 ya wenzao wasio kwenye mpango.

Naipa nyota nne. Asubuhi binti alipiga simu vyuo vyote viwili, akauliza mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi. Chenye majengo ya zamani ndicho kilichomtajia idadi.