Chombo cha Kuwekea Waipsi za Nyumbani: Kagua Mpira wa Mfuniko Kabla ya Kutoa Hela

Malalamiko ya wasomaji kuhusu waipsi (tishu zilizoloweshwa za kufutia) za kutengeneza nyumbani yanafanana: zimekauka kabla ya wiki kwisha, au bado zimelowa lakini hazinuki spiriti hata kidogo. Watu hulaumu tishu. Mimi nalaumu chombo, hasa mpira ulio ndani ya mfuniko, kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii.

Waipsi za kufutia vitasa, swichi na simu hutengenezwa kwa spiriti ya asilimia 70. Spiriti huruka haraka kuliko maji. Mfuniko ukipitisha hewa, spiriti hutangulia kuondoka na maji hubaki. Ukigusa tishu unaikuta imelowa, unadhani ina nguvu, kumbe imeshuka chini ya asilimia 60 na haiui vijidudu ipasavyo. Joto la Dar huharakisha mambo, hasa chombo kikiachwa dirishani. Ndiyo maana siafiki kabisa ule mtindo wa kukata mfuniko alama ya msalaba ili kuchomolea tishu.

Dukani, weka kipande cha karatasi ya risiti kati ya mfuniko na ukingo, funga, kisha vuta. Rudia pande zote nne. Karatasi ikiteleza bila kushikwa hata upande mmoja, rudisha chombo. Nyumbani, kipime kwa mizani ya jikoni kikiwa na waipsi ndani, ukipime tena baada ya siku tatu bila kukifungua. Uzito ukipungua, kinavuja hewa.

Namba moja kwangu ni chombo cha plastiki cha Lock & Lock, na sioni haja ya kuficha upendeleo huu. Kina vishikizo vinne na mpira wa silikoni unaotoka, ukaoshwa, ukarudishwa. Chagua chenye upana wa ndani usiopungua sentimita 13 na kina cha 12 au zaidi, kwa sababu roli la tishu ya jikoni likikatwa katikati kwa kisu cha mkate hubaki na urefu wa kama sentimita 11. Geuza kitako: namba 5 ndani ya pembetatu ni polipropilini, ambayo spiriti haiidhuru. Vile ving'avu vya akriliki hupata nyufa.

Sasa kuna vya kuiga, na hapa wauzaji wa Kariakoo wanatuudhi. Umbo ni lile lile, vishikizo vinne vipo, lakini mfereji wa mfuniko hauna mpira, au una mpira mgumu usiobonyea. Ukisema, “Kaka, nifungulie nijaribu,” unajibiwa kwamba kikifunguliwa umeshanunua. Ukitaka kimoja, unalazimishwa seti ya vitatu, viwili vikiwa vidogo visivyoingia hata nusu roli. Mpira ukichoka, hakuna anayeuza mpira peke yake. Unanunua chombo kizima upya kwa sababu ya kitu chembamba kama kamba ya kiatu. Asiyekuruhusu kufungua mfuniko, mwache na mali yake.

Namba mbili ni kopo la kioo lenye waya wa kubana na mpira wa duara. Linaziba vizuri sana, ila mdomo huwa mwembamba, kwa hiyo tishu zikunjwe moja moja, na kama waipsi zako zina siki, ikigusa waya huota kutu. Namba tatu ni kopo lililobaki la waipsi za dukani, kwa zile za maji na sabuni tu, mradi kifuniko bado kinalia “tak”. Makopo ya aiskrimu na mifuko ya zipu ni ya kubebea za siku moja.

Vipimo kwa nusu roli: za kufutia nyumba, mililita 400 za spiriti ya asilimia 70 bila kuongeza maji. Ukitia mililita 300 za spiriti na 100 za maji, unabaki na kama asilimia 52. Weka mbali na jiko, inashika moto. Mimina taratibu, funga, subiri nusu saa, kisha chomoa kile kiini cha boksi kilicholainika na uanze kuvuta tishu kutoka katikati. Tishu nyepesi itakatikia mkononi. Nunua ya tabaka mbili iliyoandikwa ya jikoni, si ya chooni.

Za mwilini na za mtoto hazitiwi spiriti. Chemsha maji mililita 400, yapoe, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya mtoto na kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Hizi huota ukungu hata mfuniko uwe mzuri, kwa kuwa hazina kihifadhi. Tengeneza za siku mbili au tatu, weka kwenye friji, na zikianza kunuka au kuwa na madoa, tupa zote.

Jik usiitie kwenye waipsi. Klorini yake humalizwa na karatasi yenyewe, na ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Na zikishatumika, ziende kwenye ndoo ya taka. Chooni zitaziba bomba, na fundi wa kuzibua anadai hela yake hapo hapo.