Mama wa noti za Ireland amepata fremu ya mninga

Nilikuwa keshia wa benki kwa miaka 29, na mkono wangu haujaacha kazi: nikishika karatasi yenye sura ya mtu, naiinua kwenye mwanga. Ndivyo nilivyomfahamu mama huyu wa kwenye picha yangu. Mwaka 1994 nilikuwa dirisha la fedha za kigeni hapa Dodoma mjini, akaja mtawa mmoja mzee kubadilisha pauni za Ireland. Noti zetu wakati huo ukizimulika unaona kichwa cha twiga. Hizi zake nilipozimulika niliona mwanamke aliyejitanda shali, ametulia kabisa. Yule mtawa akaniambia, "Huyo alichorwa na mumewe, mwanangu." Foleni ilikuwa ndefu, hakuongeza neno.

Desemba iliyopita kijana wangu anayesoma Dublin alikuja likizo na bomba la kadibodi begani. Nilimsimulia habari hiyo tangu akiwa mdogo. Ndani mlikuwa na nakala ya mchoro wenyewe, ile rangi ya mafuta aliyoichora Sir John Lavery mwaka 1927, mali ya Benki Kuu ya Ireland. Mwanamke ni Hazel, mke wake wa pili, mzaliwa wa Chicago. Serikali ya Ireland huru, iliyokuwa changa, ilitaka sura ya kuweka kwenye noti zake za kwanza, na Lavery akamchora mkewe katika umbo la Kathleen Ni Houlihan, mwanamke wa masimulizi ambaye kwao ndiye nchi yenyewe. Noti zilitoka 1928. Akakaa usoni mwa noti hadi miaka ya 1970, kisha akahamia ndani ya karatasi, pale nilipomkuta mimi, mpaka euro ilipoingia 2002.

Kwenye noti ndogo, za shilingi kumi, pauni moja na pauni tano, walimkata wakabakiza kichwa na mabega. Kuanzia pauni kumi ndipo anaonekana sawasawa: kidevu kimeegemea mkono, kinubi kipo mbele yake, nyuma kuna ziwa na milima. Kinubi hicho ndicho kinachonishika kila nikipita sebuleni. Bila hicho ni mama mzuri amejifunika. Kikiwepo, unamwona mtu aliyechoka akaegemea chombo chake cha muziki, bado anasubiri jambo.

Ndiyo maana fundi wa kwanza nilimkatalia. Alikuwa na fremu za plastiki zilizokwisha tengenezwa, za shilingi 25,000, akaweka picha juu ya moja akasema, "Mama, hapa tukipunguza chini kidogo inaingia vizuri." Chini ndiko kwenye kinubi. Nikakunja picha yangu nikaondoka.

Wa pili ni kijana mwenye karakana ndogo Chang'ombe, na huyu nampendekeza kwa moyo wangu wote. Kabla ya kuuliza bei aliuliza, "Huyu ni nani, mama?" Nikamweleza. Nikamweleza na mchoraji, kwa sababu alikuwa anasikiliza: kwamba Lavery alizaliwa Belfast mwaka 1856, baba yake akazama na meli akielekea Marekani mwaka 1859, mama naye akafariki miezi michache baadaye, mtoto akalelewa na ndugu, mara Ireland, mara Uskochi. Kazi yake ya ujanani Glasgow ilikuwa kupaka rangi na kurekebisha picha za watu zilizopigwa studio. Studio yake mwenyewe iliungua, na fedha ya bima ndiyo iliyompeleka kusoma London, baadaye Paris. Mwaka 1888 Malkia Victoria alipotembelea maonyesho ya Glasgow, Lavery alipewa kazi ya kuchora tukio lile, sura zaidi ya 250 kwenye turubai moja, na hapo mlango ukafunguka. Kijana alisimamisha randa yake. "Kumbe alianza kama sisi, kurekebisha picha za watu," akasema.

Alitumia mninga mkavu, kioo cha milimita tatu, na ukingo mweupe wa kadibodi unaozuia kioo kisigusane na karatasi. Nyuma alifunga hadibodi, kisha akaziba mzunguko mzima kwa gamtepu ya karatasi, kwa sababu vumbi letu la Julai na Agosti halihitaji tundu kubwa. Hakupaka mninga rangi, mafuta tu. Jumla shilingi 85,000. Alinikataza nisitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni, na alikuja mwenyewe nyumbani kwangu Ipagala kuchagua msumari uingie wapi.

Kasoro zipo. Aliahidi siku nne, nikaipata siku ya tisa, na mara mbili nilipanda bodaboda bure kwa kuwa hakupiga simu. Kioo ni cha kawaida, mchana kinarudisha dirisha langu lote, lazima usogee kushoto ndipo umwone. Nakala yenyewe pia ina upungufu wake: sehemu za giza kwenye shali zimezama, mikunjo haisomeki, na huwezi kuona brashi ilipopita. Kwa mtu aliyezoea kuhukumu uchapaji, hilo linauma. Uso lakini umetoka safi, na macho yanakufuata.

Jirani yangu alimwona Jumapili akaniuliza ni mtakatifu gani. Nikamwambia huyo ni mke wa mchoraji, akavuta kiti upande wa kushoto, tukaanza tangu mwaka 1994.