Waranti Isiyovuka Mokowe

Naandika hasira zikiwa bado moto, maana nikingoja zipoe nitaanza kutafuta maneno ya upole ambayo watu wa kampuni ya simu yangu hawayastahili. Kamera ina megapikseli ngapi, betri ina ukubwa gani, hayo sitayagusa. Yako nyuma ya sanduku. Nataka kuzungumza juu ya tundu la chaji, na juu ya kijana mmoja wa kaunta kwenye kituo chao cha huduma mjini Mombasa.

Simu yenyewe kwanza, nisije nikaidhulumu. Ni nzuri. Mimi ni mtu wa vifaa tangu utotoni. Redio zote za nyumbani nilizifungua mimi na nikazifunga mimi, na simu mpya ikitoka popote duniani situlii mpaka nijue ndani yake kuna nini. Hii niliipenda siku ya kwanza. Kioo chake kinasomeka juani, na anayeishi Lamu anajua thamani ya hilo: ukiwa kwenye boti saa saba mchana kwenda Shela, simu nyingi hugeuka kioo cha kinyozi, unaona uso wako tu. Hii unasoma ujumbe, unajibu, unapiga picha, safari inaendelea. Spika yake inasikika hata mashine ya boti ikiunguruma.

Kwangu hayo si anasa, kwani kazi yangu yote imo humo. Natafutia wageni nyumba, Shela na mjini. Napiga picha za vyumba na madaka na mandhari ya darini, napokea arbuni kwa M-Pesa, napatana na manahodha wakawachukue wageni uwanja wa ndege wa Manda. Sina ofisi yenye bango mlangoni. Watu wa bara wakisikia kwamba vichochoro vyetu ni vya punda na miguu, hudhani hatuna haja ya vyombo vya kisasa. Ni kinyume kabisa. Pale gari lisipofika, simu ndiyo inayofika, na ndiyo maana mtu hapa yuko radhi kujinyima miezi na miezi ili apate simu ya maana.

Sasa tundu. Ilikuwa karibu na Maulidi, mji umejaa, penye msikiti wa Riyadha hapapitiki, kila nyumba ina wageni. Usiku nikachomeka chaji, simu ikaniandikia: kuna unyevu kwenye tundu, chomoa waya. Nikachomoa. Nikaifuta, nikaiweka mbele ya feni, nikachomeka tena. Unyevu. Asubuhi, unyevu. Simu haikuanguka baharini, haikunyeshewa, hata bafuni haijawahi kuingia na mimi. Nikagundua kwamba nikiizima kabisa inakubali chaji, basi nikawa naizima usiku na kuiwasha alfajiri. Baada ya muda hilo nalo likakataa.

Betri ikaisha siku ambayo familia moja ilikuwa inatua Manda. Nahodha ananipigia hanipati, wageni wananipigia hawanipati. Walisimama gatini na watoto na mizigo, jua la utosi, mpaka mwenye nyumba mwingine akawahurumia akawachukua. Siwalaumu, wala yeye simlaumu. Lakini hao walikuwa watu wanaorudi mwaka hadi mwaka, na tangu siku hiyo si wageni wangu tena. Hasara ya namna hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Nikapiga huduma kwa wateja kwa simu ya dada yangu. Sauti ya kistaarabu kabisa ikanishauri niifukie simu kwenye mchele. Mchele! Apple waliandika wazi mwanzoni mwa 2024 kwamba simu iliyolowa isitiwe kwenye mchele kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu, na hawa bado wanamwambia hivyo mteja mwenye waranti mkononi. Nikaona heri niende mwenyewe kituoni Mombasa.

Na kwenda mwenyewe, kwa mtu wa Lamu, si kuvuka mtaa. Ni boti ya alfajiri kutoka kisiwani mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha basi: Witu, Garsen, Malindi, vizuizi vya polisi, kitambulisho mkononi, shuka, panda, mpaka uione Mombasa jua limeshageuka na kituo kimefungwa. Unalala. Mimi nina jamaa huko, alhamdulillahi. Asiye na jamaa analipa na gesti juu yake.

Kesho yake nikapewa namba, nikangoja kwenye kiyoyozi kikali. Kijana wa kaunta aliipokea simu bila salamu na bila kuniangalia usoni. Akaingia nayo ndani, akakaa, akarudi, akageuza kompyuta yake nione picha. Ndani ya simu yangu kuna kistika kidogo ambacho kilitakiwa kiwe cheupe, nacho kimekuwa chekundu. Vistika hivyo watengenezaji wengi huviweka. Vikiguswa na maji hubadilika rangi. "Imeingia maji," akasema. "Waranti imekwisha." Nikamwambia, ndugu yangu, simu hii haijaguswa na maji. Akauliza, "Umetoka wapi?" Nikasema Lamu. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Ni wale wa Lamu. Hawa huogelea na simu, halafu watuletee sisi."

Mbele ya watu! Nyuma yangu alikaa mama mmoja wa makamo. Aliinamisha kichwa, akaona haya yeye kwa niaba ya yule kijana. Mimi nimelelewa kwamba mtu akija mlangoni pako anaulizwa hali kwanza, hata akiwa amekuja kudai. Nililipa simu ile fedha taslimu, nikasafiri kutwa nzima, na jibu nililopewa ni kwamba mji wangu ndio ushahidi wa kosa langu. Akanitajia bei: bodi nzima ibadilishwe, Sh18,500. Kwa tundu la chaji. Nikamwomba aniandikie kwa karatasi sababu ya kunikataa. Akasema mfumo wao hautoi karatasi ya namna hiyo, akaita namba inayofuata.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana naye kichwani, na hoja zangu naziweka hapa kwa sababu pale hakunipa nafasi.

Sandukuni wameandika IP68 kwa herufi nene. Alama hiyo inatokana na kipimo cha kimataifa, IEC 60529. Ile 6 maana yake vumbi haliingii. Ile 8 maana yake kifaa kinavumilia kuzamishwa kupita mita 1, kwa masharti anayoyaweka mtengenezaji mwenyewe. Na maji yanayotumika ni maji safi ya maabara. Bahari haimo. Lakini tundu la simu ya Lamu halihitaji kufika baharini. Kusi likivuma linabeba chembe za chumvi, zinatua kwenye bawaba za milango, kwenye mabati, kwenye nyaya za taa, na ndani ya tundu la chaji. Chumvi hii tunayopikia, unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, huvuta maji yenyewe kutoka hewani mpaka ikayeyuka, na kwetu unyevu wa kiasi hicho ni hali ya kila siku. Basi humo tunduni pana maji ya chumvi ambayo hakuna mtu aliyeyamwaga. Umeme wa chaji unapita juu yake, na vile vichuma vyembamba vinaanza kuliwa. Simu ilisema kweli. Unyevu upo. Anayesema uongo ni yule anayeutazama unyevu huo akaniita mwogeleaji.

Na si mimi wa kwanza duniani. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia, kwao majirani zetu wengi wa Malindi, iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10, kwa kuzitangaza simu zake kuwa zinahimili maji na huku ikikataa kuzihudumia kwa waranti zikiharibiwa na maji hayo hayo. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung dola milioni 14 za huko, kwa matangazo yaliyoonyesha simu kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini, ilhali tundu la chaji lingeweza kuoza likichajiwa bado limelowa. Simu yangu si ya kampuni hizo mbili. Tabia ni ile ile.

Kuna Mjerumani aliyefikia Shela kipindi hicho, simu yake na yangu ni aina moja. Kwao kitu kikiharibika ndani ya mwaka wa kwanza, muuzaji ndiye wa kuthibitisha kwamba hakikuwa na kasoro. Mnunuzi hasumbuliwi kutafuta ushahidi. Simu ni moja, bei haipishani sana, lakini yeye anaaminiwa na mimi nachekwa. Hapo ndipo damu inaponichemka. Na si kwamba sisi hatuna sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazozihitaji ili zimfaidi. Sheria ya kuwalinda watumiaji ipo tangu 2012. Habari ndiyo ninayoidai! Kutoka Vanga mpaka Kiunga watu wananunua simu hizi. Waandike basi pale sandukuni, kwa herufi nene vilevile, kwamba hewa ya bahari italila tundu na wao hawatakuwepo.

Niliporudi niliipeleka kwa fundi mmoja wa Langoni, kibanda chake chembamba hata watu wawili hamkai. Nilimpita miaka yote kwa sababu simu zangu zilikuwa na waranti. Akavaa lenzi jichoni, akatazama kidogo tu. "Hii si mai, mwanangu," akasema. "Hii ni munyu." Nikamwambia, ami, chumvi ndiyo niliyokuwa nikiisema mimi. Akafungua, akasugua kwa mswaki laini na spiriti kali, akanionyesha kutu ya kijani kwenye meno ya tundu, akapiga picha kwa simu yake ili niwe na ushahidi. Kisha akaking'oa kile kipande cha chini kinachobeba tundu, akatia kingine alichokitoa kwenye simu iliyokufa kioo. Bodi haikuguswa, kwa sababu bodi haikuwa na neno. Sh1,500, na kikombe cha kahawa akaniagizia yeye.

Mtu huyu hajafundishwa na kampuni yoyote. Hauziwi vipuri, hapewi michoro, na akiifungua simu ya watu wanasema ameiharibu. Ulaya tangu Juni 2025 watengenezaji wanalazimika kuhakikisha vipuri muhimu vya simu vinapatikana kwa mafundi, kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Huku fundi wangu ananyofoa mizoga. Fikiria angepewa kabati moja la vipuri halali na karatasi ya kumtambua. Watu wa Lamu, Pate, Faza, Kizingitini, wasingepanda basi la Mombasa kwa ajili ya tundu la chaji. Gharama hiyo kwa kampuni kubwa ni ndogo mno. Hawafanyi kwa sababu hawatuoni.

Basi niseme nunua au usinunue? Nilipoanza kuandika jibu lilikuwa usinunue, na nilikuwa na uhakika. Sasa naandika sentensi hizi kwa simu hiyo hiyo, inachaji vizuri, kioo kinang'aa, na kwa kweli sijaona nyingine ya bei hii ninayoipenda zaidi. Kwa hiyo moyo unaniambia niwaambie chukueni, mtie kizibo cha mpira kwenye tundu, mpitie kwa fundi kila kusi likianza mpate kusafishiwa. Nimeshamwambia mdogo wangu hivyo.

Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana. Narudi nilipoanza. Aliye Nairobi, mwenye kituo cha huduma karibu na kwake, anunue akitaka. Wewe wa pwani usinunue mpaka muuzaji akuandikie kwenye risiti, kwa kalamu, kwamba waranti inalipia kutu ya hewa ya bahari. Akikataa kuandika, rudisha sanduku mezani uondoke. Malalamiko yangu nimeyaandika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na picha za fundi zimo. Nauli yangu sitaidai. Ninalolitaka ni yule kijana anipigie, anisalimu kwanza, halafu aombe radhi kwa lile neno alilowasema watu wa Lamu. Namba yangu iko kwenye fomu aliyoijaza mwenyewe.