TAHADHARI: Anayeuza "nafasi za Major" Kampala ni mwizi, na zile siku kumi anazoomba ndizo wizi wenyewe

Wadau wa gemu wa Kampala, Entebbe, Jinja, na nyie wa Gulu na Arua mnaocheza kwa bando la usiku, msitume hata shilingi kabla hamjaimaliza hii. Yule bwana wa "nafasi ya kufuzu Major", yaani mashindano makubwa kabisa ya dunia ya gemu ya Counter-Strike 2, amekula tena. Safari hii ameila timu nzima ya Kikoni, watu watano, hela pamoja na skini zao zote (mapambo ya silaha za ndani ya gemu, yanayouzika kwa hela halisi), na bado kila asubuhi anaweka picha ya kombe kwenye status yake. Mnaomjua mnamjua.

Bei yake ilikuwa shilingi 400,000 kwa timu, yaani 80,000 kwa kila mchezaji, zitumwe kwa mobile money. Na akasisitiza waweke na ya kutolea! Mwizi anakuibia halafu anataka wewe ndiye umlipie wakala.

Tulieleze tukio lenyewe taratibu, maana ufundi wake uko humo. Saa tatu usiku, vijana wamekaa kwenye klabu ya gemu, linki ikaingia WhatsApp. Ukurasa ukafunguka mzuri kabisa: nembo ya Major, orodha ya timu, picha za jukwaa, na pembeni saa inayorudi nyuma, zimebaki dakika 14 usajili ufungwe. Chini kuna kitufe cha kijani cha kuingia kwa Steam, lile duka la gemu ambako akaunti na skini zetu zinakaa. Kapteni akabonyeza, likaibuka dirisha dogo, juu yake imeandikwa steamcommunity.com, na kufuli lake pale pale. Nani angeshtuka? Kumbe lile halikuwa dirisha. Ni mchoro uliochorwa ndani ya ukurasa wa tapeli, anwani imechorwa, kufuli limechorwa, hata alama ya kufungia imechorwa. Dirisha la kweli unaweza kulishika kwa mausi ukalivuta mpaka nje ya kivinjari. Lile ukilivuta linagonga ukingo wa ukurasa, linakwama. Kwenye simu hata hilo jaribio huna.

Kapteni akaandika jina, nenosiri, kisha zile herufi tano za Steam Guard, ulinzi wa pili wa akaunti, zinazobadilika kila sekunde 30. Upande wa pili kuna mashine iliyokuwa inangoja hizo herufi tu, ikaziingiza kwenye Steam ya kweli kabla hazijabadilika. Wawili wengine walitumia QR, wakidhani ndiyo salama zaidi. QR ile ilikuwa halali, imetoka Steam yenyewe, ila ilitengenezwa kwenye kompyuta ya mwizi. Ukiiskani na kukubali, unamfungulia yeye mlango. Kabla hujakubali, programu ya Steam inakuonyesha eneo ambalo ombi limetoka. Hapo ndipo pa kukazia macho. Sisi wa Uganda mara nyingi utaona Kampala hata ukiwa Mbale, kwa sababu ya mitandao yetu, hiyo isikutishe. Ukiona mji wa Ulaya, kataa na funga.

Kisha ikaja "bot ya ukaguzi", akaunti ya Steam inayodaiwa kujiendesha yenyewe. Aliwaandaa mapema kwa ujumbe wa sauti, kwa upole wote: "Wakaguzi lazima wahakikishe skini si za wizi, zitashikiliwa siku kumi, zitarudi zenyewe siku ya droo. Ikikuuliza, kubali tu, mfumo ndivyo ulivyo." Ofa ya kubadilishana vitu ikaingia. Upande wa kutoa: AK-47 Redline, AWP Asiimov, glovu, kisu cha kapteni. Upande wa kupokea: patupu. Steam ikaonya kwamba hupokei kitu. Simu nayo ikauliza tena. Kidole kikabonyeza kukubali, mara tano, kwa watu watano, kila mmoja akimtazama mwenzake ameshafanya.

Sasa sikilizeni hili la siku kumi. Tangu Julai 2025 Valve, wenye Steam na gemu yenyewe, waliweka ulinzi kwenye biashara ya vitu vya Counter-Strike 2. Kitu kikihama kutoka akaunti moja kwenda nyingine, kwa siku 7 aliyekipokea hawezi kukiuza wala kukipeleka kwingine, na aliyekitoa anaweza kurudisha biashara nyuma. Siku 7. Zikipita, dirisha limefungwa, na Steam hawarudishi kitu kilichochukuliwa kwa utapeli, hata uwaandikie ukilia. Kwa hiyo mtu anayekuambia subiri kumi anajua anachohesabu. Siku ya tatu aliwatumia picha ya "makundi ya awali". Siku ya tano akapiga kabisa, akawauliza jezi zao saizi gani! Siku ya nane namba haipatikani.

Mtasema walikuwa wajinga. Hapana. Aliyewauzia anaijua gemu kuliko wengi wetu. Alizungumza nao MR12, kwamba timu inayofika raundi 13 kwanza ndiyo imeshinda ramani. Aliwaeleza mfumo wa Kiswisi: ukishinda mechi tatu unapita, ukifungwa tatu unarudi nyumbani. Alitaja Major ya kwanza ya 2013 kule Jönköping, Fnatic wakichukua ubingwa, zawadi yote dola 250,000, na kwamba siku hizi ni dola 1,250,000. Yote kweli. Kisha akachomeka sindano: "Fainali ya Austin 2025, Vitality walicheza na nani? The MongolZ. Watu wa Mongolia! Kama Mongolia imefika fainali, Uganda ina kasoro gani?" Mpe kijana wa Kikoni maneno hayo, anayecheza kwa kompyuta ya kukodi kwa saa, uone kama hatatoa 80,000.

Na kingine: kuingia kwa Steam kwenye tovuti ya mashindano ni jambo la kawaida. FACEIT, jukwaa la mechi za mtandaoni, tunaingia hivyo hivyo. Na mechi za mchujo wa kanda zilikuwepo kweli, mpaka mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo alipochomoa neno "kufuzu" hakuwa ametunga toka hewani. Alichukua utaratibu uliokufa akauuza kama ungali hai.

Utaratibu wa sasa ni huu, na uwe kinga yenu. Kuanzia Major ya Budapest ya mwishoni mwa 2025, hakuna mechi za kufuzu. Timu 32 zinaalikwa kwa kufuata orodha ya viwango ya Valve, na orodha hiyo imewekwa hadharani GitHub, mtu yeyote anaifungua bure. Kumi na sita zinaanza hatua ya kwanza, nane zinaungana hatua ya pili, nane nyingine ya tatu. Pointi za viwango zinatokana na mambo makubwa kama haya: pesa za zawadi mlizoshinda, uzito wa timu mlizozifunga, ushindi wa kwenye LAN (mechi za ukumbini, ana kwa ana), na nani kamfunga nani. Na matokeo ya zaidi ya miezi sita nyuma hayahesabiwi. Hakuna mahali pa kulipia. Hakuna fomu. Huyu mshenzi aliwauzia "nafasi ya 33, ya Afrika Mashariki". Mia nne elfu kwa kiti ambacho hakipo kwenye ukumbi! Majina ya Cologne na Singapore, Major mbili za 2026, anayatumia kwa zamu. Likichoka moja anashika lingine.

Dalili nyingine zilikuwepo, tunazitupa haraka haraka. Aliahidi mechi zichezwe "seva ya Valve ya Nairobi". Fungueni orodha ya seva zenu, Afrika mtaona Johannesburg. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke wasiyemjua. Akasema ni "mhasibu". Anwani ya ile tovuti, ukiisoma herufi kwa herufi, ilikuwa na herufi iliyopungua. Nenosiri halikujijaza lenyewe, wakati kwenye Steam ya kweli hujijaza. Na haraka, haraka, haraka, mpaka hela iingie, ndipo mambo yakageuka subira.

Haki ya Mungu huyu mtu afungwe. Si kwa 400,000 tu. Kile kisu cha kapteni kilikuwa ndiyo akiba yake, alikuwa akiuze alipie ada ya muhula. Wako waliosema kwenye kundi kwamba akionekana Wandegeya ashughulikiwe na vijana wa boda. Acheni hayo. Mkimpiga, kesi inageuka yenu na yeye anakuwa mgonjwa wa kuonewa huruma. Tunataka aingie gereza la Luzira kwa mlango wa mbele. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ina kosa la udanganyifu kwa njia ya elektroniki, kifungo chake kinafika miaka 15. Apewe hata nusu, atoke nywele zimebadilika rangi. Na aliyemuuzia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine naye avutwe, kwa sababu bila laini hizo biashara hii haiendi.

Kama umeshabonyeza, na hasa kama siku 7 bado, acha kusoma maoni ya watu ufanye hivi sasa hivi, kwa mpangilio huu. Tumia kifaa kingine ambacho hukufungulia ile linki. Ingia Steam kwa kuandika anwani mwenyewe, nenda kwenye mipangilio ya usalama, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Badilisha nenosiri, na la barua pepe pia, maana mwenye barua pepe yako atarudi kesho. Kisha fungua steamcommunity.com/dev/apikey. Ukikuta kuna ufunguo na hukuuweka wewe, ufute. Ufunguo huo ndio unaomwezesha mwizi kuona ofa zako, kufuta ile ya kweli na kukuletea nyingine yenye jina na picha ya rafiki yako. Tengeneza pia linki mpya ya ofa, ile ya zamani iwe imekufa. Baada ya hapo ndipo uende kwenye historia ya biashara ukarudishe nyuma. Ukianza kurudisha kabla ya kumtoa nje, unamwacha bado yuko ndani na simu mkononi.

Jueni gharama ya kurudisha: huchagui kimoja. Zinarudi biashara zote zilizo ndani ya hizo siku 7, hata ile halali uliyofanya na binamu yako, na akaunti inafungiwa kuuza na kubadilishana kwa siku 30. Lipeni hiyo gharama. Na msikimbilie kuondoa Steam Guard kwenye simu kwa hasira. Ukiiondoa biashara zako zinakwama hadi siku 15.

Ulinzi huo huo una upande wa pili, na wauzaji wa skini wa mjini wameshaugundua. Mtu anakuuzia kisu, unamlipa kwa mobile money, kisu kinaingia kweli, unapiga picha, unafurahi. Siku ya sita anarudisha biashara nyuma, kisu kinarudi kwake na hela yako haina pa kurudishwa. Kwa hiyo mkinunua kwa mtu wa mkononi, hela ikae kwa mtu wa tatu mnayemwamini wote wawili mpaka siku 7 ziishe. Muuzaji akikataa, hana nia njema, mwacheni.

Upande wa hela: piga simu kwa huduma ya wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo, si asubuhi. Kama bado iko kwenye laini yake, wanaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, imekwenda. Usifute ule ujumbe wa kuthibitisha, una namba ya muamala. Nenda kituo cha polisi cha karibu, uandikishwe, na usitoke bila namba ya SD REF (namba ya taarifa yako kwenye daftari la kituo), kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeligusa faili lako.

Watano wa Kikoni tayari wanayo SD REF. Mwingine yeyote aliyeliwa na huyu bwana, awe wa Ntinda, Mukono au Mbarara, atume kwa admini namba ya muamala, picha ya mazungumzo yenye tarehe, linki kamili aliyopewa (msiifungue, nakilini tu) na linki ya akaunti ya ile bot. Hatuhitaji maelezo marefu wala matusi, yametosha. Jumatatu asubuhi tunabeba kila kitu pamoja kwenda makao makuu ya CID, Kibuli.