Sikuulizwa hata kama nina presha

Siku zimepita lakini hasira ya kupewa mahuang, mmea wa dawa za Kichina, haijaisha. Nilishikwa na mafua makali huku Guangzhou, China, wakati wa baridi, pua imeziba, kifua kinakoroma usiku. Mwenzangu wa biashara akanipeleka kwenye kliniki ndogo ya mitishamba upande wa Xiaobei. Daktari akanishika mkono, akasikiliza mshipa kidogo tu, akaandika. Nina presha mwaka wa sita sasa, na kila asubuhi nameza kidonge. Hakuniuliza. Hata mara moja!

Nyumbani nikafungua pakiti: vijiti vyembamba vya kijani kilichofifia, vina vifundo kama nyasi kavu, vimechanganywa na mdalasini na vipande vya urukususu. Nikatia vyote sufuriani kwa pamoja, nikachemsha, nikanywa. Niseme ukweli, pua ilifunguka upesi na jasho likanitoka vizuri. Nikajiambia Wachina wanajua dawa. Na kahawa yangu ya jioni nikainywa kama kawaida.

Usiku sikulala. Moyo ulikuwa unagonga mpaka nausikia masikioni nikiweka kichwa kwenye mto, mikono inatetemeka. Nikaenda chooni mara kadhaa, mkojo unagoma kutoka. Alfajiri mashine ya presha ikasoma 172 juu ya 104. Niliogopa sana jamani, nikawaza watoto walioko nyumbani.

Nikarudi kliniki na karatasi yangu kuuliza nimepewa nini. Yule dada wa dirishani wala hakuishika. Akanijibu, "Ni majani tu, kunywa umalize," akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu. Majani tu! Hapo ndipo waliponiudhi kuliko dawa yenyewe.

Nikaenda hospitali kubwa ya tiba ya Kichina. Mzee mmoja akaisoma karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza: mahuang, ndivyo vile vijiti vya kijani, gramu 12. Akaniambia kipimo cha kawaida kwa siku ni gramu 2 hadi 10, na mtu wa presha, mgonjwa wa moyo au mjamzito haandikiwi hivi hivi. Ndani yake mna kemikali iitwayo efedrini, inapanua njia za hewa lakini pia inabana mishipa ya damu na kukimbiza moyo. Ukiongeza kahawa juu yake unauchapa moyo fimbo mbili. Tena mahuang hutangulia kuchemshwa peke yake na povu lake kuenguliwa, ndivyo walivyofanya wa kale. Nani aliniambia hilo?

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiguse mitishamba ya Kichina kabisa. Sasa nasita, kwa sababu yule mzee naye ni wa tiba hiyo hiyo, na aliniuliza maswali karibu nusu saa kabla ya kuandika chochote. Mahuang inawafaa watu wa pumu na mafua tangu zamani. Wanaoniuma ni wauzaji wa vidonge vya kupunguza mwili na kuongeza nguvu wanaoitia kimya kimya. Marekani walipiga marufuku virutubisho vyenye efedrini yake mwaka 2004, baada ya watu kufa. Na kliniki ile, hapana, siwasamehi.

Mzee aliniandikia herufi mbili za Kichina, 麻黄, kwenye kikaratasi, na chini yake "asipewe". Nimekiweka nyuma ya simu, na kila duka la dawa ninaloingia nakitoa kwanza.