DokuWiki kwa nyaraka za seva na mtandao: uzoefu wangu Lamu

Anayesimamia seva na mitandao ya nyumba za wageni na ofisi ndogo hapa Lamu ana swali moja la kuuliza kabla ya kuchagua programu ya kutunzia maelezo ya kazi: yatasomeka siku seva yenyewe imezimika? Kwa swali hilo DokuWiki, programu ya wiki (kurasa zinazoandikwa na kuhaririwa kwenye kivinjari), imezishinda nyingine zote nilizotumia. MediaWiki na BookStack ni programu nzuri, lakini zinategemea hifadhidata, na hifadhidata ikigoma kuwaka, hatua za kuiwasha zimefungiwa humo humo. DokuWiki, iliyoanzishwa na Andreas Gohr mwaka 2004, inataka PHP (lugha ya programu iliyoandikiwa) na seva ya wavuti tu. Kila ukurasa ni faili la maandishi matupu, lenye mwisho wa .txt, ndani ya folda ya data/pages.

Faida yake inaonekana Shela. Fundi yuko juu ya paa anaelekeza antena, na mtandao hana kwa sababu antena hiyo ndiyo mtandao wenyewe. Folda ya pages imeshanakiliwa kwenye kompyuta yake kwa Syncthing, programu ya kulandanisha folda kati ya kompyuta (upande wa seva umewekwa kutuma tu, ili mtu asije akaharibu asili), basi anaandika amri ya kutafuta ndani ya faili, `grep -ri antena pages/shela`, na masafa, mwelekeo na anwani ya IP vinatoka hapo hapo. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, hakuna haja ya kumvusha mtu kwa boti kufuata karatasi.

Mpangilio ninaoupendekeza ni wa mahali kwanza, kifaa baadaye: mkomani, langoni, shela, mokowe, na ndani ya kila mahali jengo lake. Ndani ya folda ya jengo weka faili liitwalo `_template.txt`, kila ukurasa mpya unaoanzishwa humo utazaliwa na vichwa vyake tayari. Vyangu ni: namba ya kifaa, anwani ya IP, chumba na ukuta kilipo, swichi ya umeme inayokilisha, hatua za kukirejesha, na tarehe plagi za waya ziliposafishwa mwisho. Hicho cha mwisho msikidharau, maana chumvi ya bahari inakula shaba. Ukuta nao una maana yake: nyumba za matumbawe zina kuta nene ambazo wifi haipenyi, kwa hiyo bila kujua ruta iko upande gani wa ukuta utatafuta hitilafu isiyokuwepo. Ukitengeneza faili kwa mkono, tumia herufi ndogo na mstari wa chini badala ya nafasi. `seva_kuu.txt` litaonekana, `Seva Kuu.txt` halitaonekana kamwe.

Utafutaji ndio unaotaka kueleweka, hasa kwa anayeandika Kiswahili. DokuWiki kwa kawaida hutafuta neno zima. Kwa lugha yetu hilo ni tatizo kubwa: kurejesha, inarejesha, irejeshwe na urejeshaji ni maneno manne tofauti mbele yake. Dawa ni kutafuta shina kwa nyota pande zote mbili, `*rejesh*`. Anwani ya IP iandike ndani ya alama za nukuu, "192.168.10.5", la sivyo nukta zinaondolewa na utaletewa kila ukurasa wenye tarakimu hizo. Kubana eneo, ongeza `@shela` baada ya neno. Kuondoa neno, litangulize kwa alama ya kutoa.

Wengine hulalamika kuwa utafutaji "hauoni" kurasa. Mara nyingi kurasa hizo ziliingizwa kwa kunakili faili moja kwa moja. Faharasa, yaani orodha ya maneno ambayo utafutaji huisoma, husasishwa ukurasa unapofunguliwa kwenye kivinjari, kwa hiyo faili lililotupwa folda bila kufunguliwa halimo. Endesha `sudo -u www-data php bin/indexer.php` ukiwa ndani ya folda ya DokuWiki (www-data ni mtumiaji wa seva ya wavuti). Usiiendeshe kama root, mtumiaji mkuu wa mfumo: faili za faharasa zitakuwa mali ya root, seva ya wavuti itashindwa kuziandikia, na utafutaji utazidi kuharibika.

Kwa vifaa, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 inatosha kabisa, ila usiiwekee data kwenye kadi ya SD. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi huharibika. Tumia diski ya SSD ya USB na betri ndogo ya akiba. Jambo linalosahaulika zaidi ni saa. Pi 4 haina saa yenye betri, hivyo ikiwaka bila intaneti inaamka na tarehe ya zamani, na DokuWiki hutumia muda wa faili kutambua matoleo ya ukurasa. Historia inapinduka, la jana linaonekana jipya kuliko la leo. Moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032 inaondoa tatizo hilo; washa `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye faili la config.txt la Pi. Kwa sababu hiyo hiyo, nakala rudufu za folda za data na conf zifanywe kwa amri ya kunakili `rsync -a`, inayohifadhi muda wa faili.

Kuhusu usalama, seva ya wavuti ya Apache inasoma faili za .htaccess (kanuni za kuzuia folda) zinazokuja na programu, iwapo imeruhusiwa kuzisoma. Nginx, seva nyingine ya wavuti, haizisomi. Lazima uzuie mwenyewe njia za data, conf, bin, inc na vendor, kisha ujaribu kufungua ukurasa wa .txt moja kwa moja kwenye kivinjari kuhakikisha unakataliwa. Nywila zisikae humu hata kidogo, hasa kwa vile nakala zinatembea na mafundi. Ziweke KeePassXC, programu ya kutunzia nywila, na ukurasani utaje jina la ingizo tu.

Upungufu ninaouhisi kila wiki ni kwamba haitafuti ndani ya PDF ulizozipakia. Vitabu vya watengenezaji navipitisha kwenye `pdftotext -layout`, inayogeuza PDF kuwa maandishi, kisha jedwali la taa za hitilafu na hatua za kurudisha mipangilio ya kiwandani nalibandika kwenye ukurasa wa kifaa husika, PDF yenyewe ikibaki kiambatisho.