Kifaa cha bei za nafaka cha FAO: kinamfaa nani?

Kwa anayefuatilia ngano na mahindi yanayoingia Kenya, kifaa cha mtandaoni cha FPMA (ufuatiliaji na uchambuzi wa bei za chakula) cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ndicho cha kufungua kwanza. Ni bure, kina bei za masoko ya nchi nyingi pamoja na za kimataifa, na takwimu zake zinapakuliwa.

Uzuri wake hasa ni kuweka masoko mawili kwenye mchoro mmoja. Chagua mahindi ya Nairobi, kisha ongeza ya Arusha au Dar es Salaam. Kabla hujasoma chochote, badili sarafu iwe dola na kipimo kiwe tani, kwa sababu gunia la Kenya huhesabiwa kilo 90 na la Tanzania kilo 100. Hakikisha zote ni bei za jumla. Usilinganishe mahindi meupe ya Nairobi na ya njano ya Marekani, ambayo hapa huagizwa kwa chakula cha mifugo, si kwa unga wa ugali. Tumia mahindi meupe ya Afrika Kusini, soko la Randfontein.

Upungufu mkubwa uko kwenye bei za kimataifa. Nyingi ni FOB, yaani mzigo ukiwa melini kule unakotoka: hakuna nauli, bima wala ushuru, na hayo ndiyo yanayoamua kama meli itakuja. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme ngano ni dola 240 kwa tani, nauli na bima dola 50, jumla 290. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, tani hiyo ingegharimu shilingi 46,400. Dola iliposhuka hadi karibu 129 baadaye mwaka huo, ni 37,410. Tofauti ni kama shilingi 809 kwa gunia la kilo 90, na bei ya dunia haijasogea hata senti! Kisha weka ushuru juu ya hizo 37,410: kwa 35% ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni shilingi 13,094 kwa tani, kwa nafuu ya 10% ambayo wasagishaji wa Kenya wamekuwa wakipewa, 3,741.

Mchoro hauonyeshi pia mpaka uliofungwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu; pengo la bei likaonekana kama faida, lakini mzigo haukuweza kupita. Soma sehemu ya sera za chakula kabla ya kuamini pengo lolote.

Mpangaji wa shehena ya miezi ijayo atafaidika sana. Anayenunua leo Namanga ampigie dalali, kwani bei nyingi humu ni wastani wa mwezi.